Pweza: mioyo mitatu, ubongo mmoja na makonda wanane

Meza ya pweza jioni ni baraza kamili. Muuzaji ana kisu na ubao wake, vijiti vimesimama kwenye kopo, bakuli la pilipili linazunguka toka mkono hadi mkono, na pembeni supu inatokota. Jioni moja, kwenye meza ya namna hiyo, kijana aliyevaa jezi alitoa simu akatusomea ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye makundi ya WhatsApp: pweza ana bongo tisa, damu yake si ya kiumbe wa kawaida, na wanasayansi wamekwisha kuthibitisha kuwa mayai yake yalishuka duniani na vimondo. Mzee aliyekuwa akingoja supu yake akacheka mpaka akakohoa. "Huyo wa bongo tisa," akauliza, "mbona anajipalia makaa?"

Waliokulia pwani walimwelewa. Pweza akiwekwa juu ya jiko la mkaa, minyiri yake hujikunja na kuyakumba makaa kuyaleta mwilini mwake. Ndiyo maana mtu anayejitafutia balaa huambiwa anajipalia makaa kama pweza. Basi kwenye meza moja tulikuwa na pweza wawili: mjinga wa methali na mjuzi wa simu aliyetoka mbinguni. Nilinunua vijiti vyangu vitano nikaondoka bila kubishana, lakini swali lilinifuata nyumbani, kwa sababu jibu lake ni tamu kuliko hadithi zote mbili.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Pweza ni moluska, yaani yumo katika ukoo wa konokono, chaza na kome. Ndugu zake wa karibu ni ngisi na dome. Ngisi na dome wana mikono minane na mingine miwili mirefu ya kukamatia mawindo. Pweza ana minane tu, na kila mkono huitwa mnyiri. Duniani kuna aina zipatazo 300 za pweza. Yule tunayemla sana kuanzia Lamu hadi Mtwara, na kote visiwani, wataalamu humwita Octopus cyanea. Pweza wengi hutoka usiku, lakini huyu huwinda mchana, na hilo ni kosa kubwa kwa mnyama anayependwa na watu wenye njaa.

Ule mfuko wa mviringo ambao muuzaji anauita kichwa, kwa kweli ni kiwiliwili. Ndani yake mna mioyo, tumbo, matamvua ya kupumulia, viungo vya uzazi na kifuko cha wino. Kichwa chenyewe ni kile kipande kidogo chenye macho, kati ya mfuko na minyiri. Kwa hiyo minyiri imeota kichwani, na mdomo umejificha katikati ya minyiri, na mdomoni mna kitu kigumu chenye umbo la mdomo wa kasuku. Hicho ndicho hasa kitu kigumu alicho nacho. Hana mfupa hata mmoja. Tundu ambalo mdomo huo unapita, pweza mzima anaweza kupita.

Damu ya buluu si ajabu ya mbinguni

Kijana wa jezi alikuwa sahihi kuhusu damu, ila alikosea maana yake. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu kinachobeba oksijeni ndani yake, hemoglobini, kina madini ya chuma. Damu ya pweza inatumia kitu kingine kiitwacho hemosianini, ambacho kina shaba badala ya chuma, na kikishika oksijeni hugeuka buluu. Si yeye peke yake. Kaa na kamba wanayo, na konokono wengi wanayo. Kama damu ya buluu ni ushahidi wa kutoka anga za juu, basi tuwashuku na kaa wa mikokoni.

Shida ya hemosianini ni kwamba haibebi oksijeni kwa wingi kama hemoglobini, na damu yenye hemosianini ni nzito. Fikiria tofauti ya kusukuma maji kwenye bomba na kusukuma uji. Uji unataka pampu zaidi, na pweza anazo tatu. Mioyo miwili kazi yake ni kupitisha damu kwenye matamvua, kila mmoja upande wake. Wa tatu unaipokea damu iliyokwisha kupata oksijeni na kuisambaza mwilini. Anapoogelea kwa kujifyatua, huu wa tatu husimama. Ndiyo sababu pweza anayefukuzwa huchoka haraka, na ndiyo sababu, akipewa nafasi ya kuchagua, atatambaa kuliko kuogelea.

Dereva na makonda

Sasa tuje kwenye zile bongo tisa, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Pweza wa Mediterania, ambaye amechunguzwa kuliko wengine, ana seli za neva zipatazo milioni 500. Seli za neva ni zile zinazopokea na kupeleka habari mwilini, ndizo tunazozitumia kuhisi, kukumbuka na kuamua. Binadamu ana kama bilioni 86. Panya mdogo wa nyumbani ana kama milioni 70. Aplysia, koa wa baharini ambaye ni jamaa wa mbali wa pweza, ana kama 20,000 tu. Katika ukoo wa konokono, pweza ni sawa na mtoto mmoja wa kijiji aliyekwenda chuo kikuu huku wenzake wote wamebaki wakichunga mbuzi.

Ubongo anao mmoja. Umekaa katikati ya macho, na una umbo la pete iliyolizunguka koo. Chakula hupita katikati ya ubongo kama kidole kinavyopita kwenye pete. Mtu akisema chakula cha pweza hupitia kichwani kabla ya kufika tumboni, hatii chumvi.

Lakini ubongo huo haubebi hata nusu ya zile milioni 500. Takriban theluthi mbili za seli za neva zimo ndani ya minyiri, zimejipanga kwenye uzi mrefu unaopita katikati ya kila mnyiri, na kila kinyonyeo, yaani kile kikombe kidogo cha kung'ang'ania, kina kifundo chake cha neva jirani. Hapo ndipo watu walipopata "bongo tisa": mmoja wa kichwani na minane ya minyiri. Ni kosa la kuhesabu. Mnyiri hauna ubongo kwa maana ya kukumbuka jana na kupanga kesho. Una wafanyakazi wengi wanaojua kazi yao.

Mimi naielewa kwa mfano wa daladala. Dereva anaamua tunakwenda Mbagala au Kariakoo, anashika usukani, anatazama barabara. Konda anakusanya nauli, anapanga watu, anarudisha chenji, anagonga bati, na hamuulizi dereva juu ya kila shilingi hamsini. Dereva hajui abiria wa kiti cha nyuma ameshuka wapi, na hana haja ya kujua. Sasa tia kwenye gari hilo makonda wanane, kila mmoja na mlango wake. Huyo ndiye pweza.

Majaribio yanauunga mkono mfano huu pande zote mbili. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hebrew, Jerusalem, waliuchukua mnyiri uliotenganishwa kabisa na ubongo, wakausisimua kwa umeme, na ukajikunjua kwa mwendo uleule wa pweza mzima anayenyoosha mkono kushika kitu. Konda aliifanya kazi bila dereva kuwamo garini. Miaka 10 baadaye wenzao wa chuo hichohicho walitengeneza kisanduku chenye njia tatu. Mnyiri mmoja ungeweza kupita kwenda kuchukua chakula, lakini ili kuijua njia yenye chakula pweza alipaswa kutazama kwa macho na kuuelekeza. Karibu wote walijifunza. Kwa hiyo dereva akitaka anaweza kumwambia konda: shika kulia. Anayesema minyiri inajiamulia yenyewe kabisa amekosea, na anayesema inaamriwa kila kitu amekosea pia.

Kuna jambo jingine ambalo mimi huliona la ajabu kuliko hilo. Vinyonyeo haviishii kushika, vinaonja pia. Mwaka 2020 watafiti wa Harvard walieleza vipokezi vilivyomo kwenye ngozi ya vinyonyeo ambavyo hutambua kemikali kwa kugusa, hasa zile zisizoyeyuka vizuri majini. Jaribu kufikiria unaingiza mkono kwenye gunia lenye giza, na kila ncha ya kidole ina ulimi: kidole gumba kinasema jiwe, cha shahada kinasema mwani, cha kati kinasema kaa, na kabla hujapata habari cha kati kimekwisha kumkamata. Mwamba wetu umejaa matundu ambayo jicho halifiki ndani. Pweza ana mamia ya ndimi za kuyakagua.

Na mnyama mwenye mikono minane inayoshika kila inachogusa, mbona hajifungi mwenyewe fundo? Jibu lilipatikana mwaka 2014: ngozi ya pweza ina kitu kinachoviambia vinyonyeo visishike. Mnyiri uliokatwa ulishika sahani tupu, lakini haukushika sahani iliyofunikwa ngozi ya pweza. Hakuna haja ya dereva kukumbuka kila mkono uko wapi. Konda amepewa sheria moja tu: hiki ni chetu, kiache.

Sasa tumjibu mzee wa supu. Pweza anayejipalia makaa amekwisha kufa. Mnyiri ni misuli mitupu isiyo na mfupa wa kuuzuia, na joto likiikaza misuli, unajikunja na kukumba kilicho karibu. Akiwa ametoka majini sasa hivi, neva za mnyiri huenda bado zinafanya kazi, maana mnyiri uliokatwa huendelea kujivuta ukiumizwa hata kama kichwa kiko ndoo nyingine. Methali ni nzuri na nitaendelea kuitumia, lakini inamlaumu marehemu.

Anayebadili rangi bila kuziona

Kila mtu anajua pweza hubadilika rangi. Wengi humfananisha na kinyonga, na hapo kinyonga anapewa sifa asizostahili. Kinyonga huchukua muda. Pweza huchukua chini ya sekunde.

Ngozi yake ina maelfu kwa maelfu ya vifuko vya rangi: njano, nyekundu, kahawia. Kila kifuko kimezungukwa na misuli midogo. Misuli ikivuta, kifuko hutanuka na rangi huonekana. Ikilegea, kifuko hunywea na rangi hupotea. Ni kama umati wa watu uwanjani, kila mmoja ana mwavuli wa rangi yake, na kuna mtu anayeamuru ni miavuli ipi ifunguliwe. Kasi inatokana na hilo la mwisho: misuli hiyo inaamriwa na neva moja kwa moja kutoka kwenye ubongo. Juu ya rangi, anaweza pia kuinua vinundu ngozini akaonekana kama jiwe lililoota mwani. Waliowahi kutembea mwambani wanajua aibu ya kukaribia kumkanyaga pweza waliyekuwa wakimtafuta kwa saa nzima.

Ajabu ni kwamba, kwa kadiri ya uchunguzi wa macho yake, haoni rangi. Sisi tuna aina tatu za seli za kutofautisha rangi, yeye kwa kawaida ana moja. Anawezaje basi kujifananisha na tumbawe jekundu? Mjadala bado ni mkali. Wako wanaosema umbo la mboni yake huenda linamsaidia kubagua rangi kwa njia ya mzunguko. Na mwaka 2015 ilionekana kuwa ngozi ya pweza mmoja wa California inahisi mwanga yenyewe, bila macho, kwa kutumia protini za jamii ileile iliyomo machoni. Ngozi inayohisi mwanga haimaanishi ngozi inayoona picha. Ila nayo ni konda mwingine, tena wa mlango ambao hatukuujua.

Kuhusu vimondo na Paul

Ile hadithi ya mayai kutoka anga za juu ina chanzo cha kweli, na ndiyo maana haifi. Mwaka 2018 kundi la waandishi lilichapisha makala katika jarida la kitaalamu, wakadai kuwa inawezekana mayai ya pweza au ngisi yalifika duniani yakiwa yamegandishwa ndani ya vimondo. Halikuwa jaribio, yalikuwa maoni, na wanabiolojia wengi waliyakataa. Sababu ya kuyakataa ni nyepesi. Jeni za pweza zinaonyesha wazi undugu wake na moluska wengine. Mgeni kutoka sayari nyingine angefika na karatasi za ukoo wa konokono wa hapa kwetu?

Kilichowatia watu wazimu ni ugunduzi wa kweli kabisa. Jeni ni kama maelekezo ya mapishi yaliyoandikwa, na kabla ya kupika mwili hutoa nakala ya maelekezo hayo, nakala iitwayo RNA. Kwa wanyama wengi nakala hufuatwa karibu kama ilivyo. Pweza, ngisi na dome huisahihisha nakala kwa wingi usio wa kawaida, hasa kwenye seli za neva. Ni kama mpishi wa pilau aliyeachiwa daftari na bibi yake. Daftari haligusi, lakini kila akinakili anafuta hapa, anaongeza pale, kulingana na nyama aliyopata siku hiyo. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi iliyoonyesha pweza wa California waliohamishwa kutoka maji ya nyuzi 22 kwenda nyuzi 13: masahihisho yaliongezeka mahali zaidi ya 13,000 kwenye nakala zao, ndani ya siku chache. Baridi ikija, mpishi anabadili viungo. Hiyo haihitaji sayari nyingine. Inahitaji muda, na muda upo: babu tuliyechangia na pweza aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita na pengine alikuwa kijidudu kama mnyoo. Tangu hapo wao walishika njia yao na sisi yetu, na kila upande ukajengewa macho na ubongo wake kivyake.

Na Paul? Wenye umri wa kukumbuka Kombe la Dunia la Afrika Kusini, 2010, hawajamsahau pweza wa Oberhausen, Ujerumani, aliyewekewa masanduku mawili yenye chakula na bendera, na kila sanduku alilofungua likawa la timu iliyoshinda. Mechi saba za Ujerumani na fainali, nane kwa nane. Hapa Afrika Mashariki kuna watu walimwekea dau. Lakini rusha sarafu mara nane: nafasi ya kupatia zote ni moja kati ya 256. Ni ndogo, si muujiza. Mwaka huo dunia nzima ilijaa wanyama watabiri, na waliokosea hawakupata nafasi kwenye televisheni. Na Paul mwenyewe, kwenye Kombe la Ulaya la 2008, alikuwa amekosea mara mbili. Alikufa Oktoba 2010, akiwa mzee kwa umri wa pweza. Alikuwa hodari wa kufungua sanduku. Mpira hakuujua.

Basi akili yake iko wapi?

Ukimwondolea uganga na sayari, kinachobaki kinatosha.

Mwaka 1959 mtafiti Peter Dews alichapisha habari za pweza watatu aliowafundisha kule Napoli kuvuta mkono wa chuma ili taa iwake na wapewe kipande cha samaki. Aliwaita Albert, Bertram na Charles. Albert na Bertram walijifunza. Charles alishika kuta za tangi kwa minyiri mingine, akauvuta ule mkono wa chuma mpaka ukapinda na mwishowe ukavunjika, akaikamata taa kuivutia majini, na muda mwingi aliutumia kumrushia maji yeyote aliyekuja karibu. Jaribio likafa. Mimi huona Charles anatufundisha zaidi kuliko wale wawili watiifu. Tulitaka kumpima kwa mtihani wetu, naye alikuwa na shughuli zake.

Mwaka 2009 iliripotiwa kutoka Indonesia kwamba kuna pweza wanaobeba vifuu vya nazi. Huvifukua mchangani, huvipanga kimoja ndani ya kingine, hutembea juu ya minyiri iliyokakamaa kama mtu aliyebeba beseni katikati ya miguu, na hatari ikija hujifungia ndani ya vifuu viwili kama njugu. Wakati wa kuvibeba havimfai kitu, tena vinamchelewesha. Anavibeba kwa ajili ya baadaye.

Lakini linalonigusa zaidi linamhusu cyanea, huyuhuyu wa kwetu. Watafiti walipiga video za chini ya maji katika Bahari ya Shamu, wakachapisha matokeo mwaka 2024. Pweza huwinda pamoja na samaki. Samaki waitwao wakundaji hutangulia kutafuta, wakionyesha wapi pa kwenda. Pweza ndiye anayeamua kundi liondoke saa ngapi, na ndiye anayeingiza mikono matunduni. Chewa wanaodoea bila kusaidia kutafuta, pweza huwapiga ngumi. Ngumi kweli: mnyiri mmoja, kwa ghafla. Mnyama anayesemwa kuwa mpweke anaendesha ushirika na kufukuza wavivu.

Hata hivyo tusimjaze sifa. Mwaka 2016, pweza aitwaye Inky aliondoka kwenye tangi la hifadhi ya wanyama wa bahari mjini Napier, New Zealand, akavuka sakafu, akaingia kwenye bomba la maji lenye urefu wa mita 50 linaloishia baharini. Magazeti yakaandika kana kwamba alichora ramani. Mfuniko ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na pweza kwa maumbile hupenda matundu yenye giza na unyevu. Huenda alipanga, huenda alifuata pua yake. Mnyama mwenye uwezo si lazima awe mfungwa wa filamu.

Yatima wa kuzaliwa

Kitendawili kikubwa ni hiki: kwa nini mwili ugharimie ubongo wa namna hii kwa maisha mafupi hivi? Cyanea huishi mwaka mmoja na kidogo.

Pweza dume hupandisha kwa kutumia mnyiri mmoja maalumu, na hufa muda mfupi baadaye. Jike hutaga mayai maelfu kwa maelfu ndani ya tundu, huyaning'iniza, huyapepea maji safi, huyasafisha, na wakati huo huacha kula. Mayai yakianguliwa, mama ni ganda tu, na hufa. Wanawe, wadogo kuliko punje ya mchele, huchukuliwa na maji. Mwaka 1977 Jerome Wodinsky alionyesha kuwa kifo hicho kimeandikwa ndani: majike walioondolewa tezi mbili zilizo karibu na macho waliyaacha mayai, wakarudi kula, wakaishi muda mrefu zaidi. Na kwenye bahari ya kina kirefu nje ya Monterey, California, jike mmoja alionekana akiwa amekalia mayai yaleyale kwa miezi 53, kuanzia 2007 hadi 2011. Kila watafiti walipoteremsha chombo walimkuta palepale, amepauka zaidi.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Pweza wote wamo humo. Hakuna aliyewahi kuonyeshwa na mama yake namna ya kumshika kaa. Mababu zake walikuwa na kombe la kujifichia, na wakalipoteza. Walibaki nyama laini katikati ya mikunga na papa. Wengi wanaochunguza mnyama huyu huona kuwa hapo ndipo akili ilipopata kazi: bila ngao na bila mwalimu, kila mmoja anaanza upya na ana miezi michache ya kujifunza mwamba mzima.

Ufupi huo wa maisha una faida kwa wavuvi. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa. Walipoufungua walikuta pweza wakubwa, kwa sababu pweza hunenepa haraka mno. Desturi hiyo imefika kwetu, na Kisiwa Panza, Pemba, ni mojawapo ya mahali panapofunga na kufungua mwamba kwa zamu. (Kuhusu supu na nguvu za kiume, ambalo ndilo swali halisi la meza ile: ni chakula chenye protini na madini mazuri. Mengine ni matangazo ya muuzaji, na kwa kweli anayatangaza vizuri.)

Swali ambalo halicheki ni la maumivu. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba pweza aliyeumizwa hukikimbia chumba alichopatia maumivu, na hukipenda kile alichopewa dawa ya ganzi. Hilo si kujivuta kwa mnyiri pekee. Mwaka 2022 Uingereza iliwaingiza pweza, ngisi na dome, pamoja na kaa na kamba, katika sheria inayotambua wanyama wenye hisia. Mwaka 2024 majimbo ya Washington na California, Marekani, yalipiga marufuku ufugaji wa pweza, wakati mpango wa kuwafuga kibiashara Visiwa vya Kanari ukiendelea kuleta ugomvi. Ninaona wana hoja: kiumbe anayeishi peke yake na kukagua kila tundu si wa kurundikwa matangini. Kumla aliyevuliwa mwambani ni jambo jingine, na sijaacha.

Niliwahi kufuatana na mama mmoja mvuvi wakati wa maji ya bamvua, bahari ilipokuwa imekauka mpaka kwenye kingo za mwamba. Alisimama mbele ya tundu ambalo mimi sikuliona kuwa tundu. Alichokiona yeye ni makombe ya kaa yaliyotupwa mlangoni. Akachokoa kwa nondo, pweza akaikumbatia, mama akamtoa, na kabla sijasogea alikwisha kumchoma mara moja katikati ya macho. Nikamuuliza kwa nini pale na si kwenye ule mfuko mkubwa. "Hilo kubwa ni tumbo, mwanangu," akasema. "Roho yake iko hapa. Ukimpiga kwingine unamtesa bure."

Akamtia kwenye pakacha, akalitundika begani. Tulitembea kama robo saa hadi ufukoni, na alipoliteremsha, mnyiri mmoja ulikuwa bado umeshika ukuti.